Bibi wa Kagera na malezi ya mara ya pili

Mwaka 2008 ilichapishwa ripoti kuhusu wazee wa Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera, na jina lake lilibeba vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Watafiti walikuwa wakifuatilia fedha ndogo iliyokuwa ikitolewa na shirika la huko liitwalo Kwa Wazee. Mzee alipewa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa kila mtoto aliyekuwa akimlea akaongezewa 3,000. Kwa thamani ya wakati ule, hizo 6,000 zilikuwa kama dola 5 za Marekani. Zilikwenda dukani, kisha zikarudi nyumbani zikiwa chumvi ya mboga, sabuni ya kufulia sare, na viatu vya mtoto ambaye baba na mama yake wamelala kaburini.

Ningependa ripoti hiyo isomwe na kila anayepanga bajeti ya wazee katika nchi hii. Lugha yetu ya kiserikali, na hata ya misikitini na makanisani, imezoea kumtaja mzee kama mtu wa kutunzwa, wa kuhurumiwa, wa kupelekewa kanga na kilo ya sukari tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Kwa miaka 40 iliyopita mambo huko Kagera yamekwenda kinyume chake. Wazee ndio waliotunza. Walilea kizazi kizima kilichoachwa njiani, wakafanya hivyo bila mshahara na karibu bila msaada, na pensheni chache tulizo nazo leo Afrika Mashariki zinaeleweka vizuri zaidi ukizitazama ukiwa umesimama kwenye vibanja vyao, yaani mashamba yao ya migomba.

Kabla ya hapo, bibi na babu walikuwa na kazi nyingine. Katika jamii nyingi za nchi hii uhusiano wa babu na mjukuu ulikuwa wa utani. Babu humwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, bibi humwita wa kiume “mume wangu”, na wote hucheka. Baba na mama walikuwa watu wa amri na fimbo. Mtoto aliyekosea akiwahi kufika kwa bibi alikuwa amepona, kwa kuwa hakuna baba aliyediriki kuingia na fimbo katika nyumba ya mama yake mzazi. Utani huo ulikuwa na kazi kubwa. Binti hakuweza kumuuliza mama yake habari za mwili wake, wala mama hakuthubutu kumwanza. Bibi aliweza, kwa kuwa tayari walikuwa wamezoeana kutaniana. Kijana aliyetaka kuoa alipeleka habari kwa babu kwanza. Pwani, jioni, bibi alisema paukwa na watoto wakaitika pakawa. Kwa Wakikuyu wa Kenya, kwa Wachaga na kwa wengine wengi, mtoto alipewa jina la babu au bibi yake, na kuanzia siku hiyo mzee alikuwa na wajina ndani ya nyumba.

Yote hayo yalisimama juu ya sharti moja ambalo halikutajwa kwa sababu hakuna aliyelitilia shaka: kwamba kati ya mzee na mjukuu yupo mzazi, mwenye nguvu, anayelima, anayeuza, anayelipa. Bibi aliweza kudekeza kwa kuwa kuna mwingine wa kukemea. Aliweza kusimulia hadithi hadi usiku kwa kuwa kesho yake si yeye wa kuamka alfajiri kutafuta ada.

Sharti hilo lilianza kutikisika zamani. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwaka 1897, na kwa kuwa kodi ilitakiwa kulipwa, vijana wakaondoka kuitafuta fedha: manamba wakaenda kwenye mkonge wa Tanga, wengine wakaenda mashamba ya wazungu na migodini. Vijijini wakabaki wanawake, watoto na wazee. Hata hivyo kijana wa mkonge alirudi, au alituma salamu na shuka, na bibi alijua kwamba anamshikia mtu mwingine malezi kwa muda.

Miaka ya 1970 ilileta badiliko la aina nyingine, na hili lilikuwa la furaha. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wakaitwa kwenye kisomo, wakakaa kwenye madawati ya watoto au chini ya mwembe, wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Katika familia nyingi ilikuwa mara ya kwanza mjukuu kujua jambo ambalo babu halijui, na babu akakubali kusahihishwa. Zaidi ya miaka 30 baadaye dunia ilishangaa Kenya ilipofuta ada ya shule ya msingi na mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, mwezi Januari 2004. Sisi huku tulikuwa tumeyaona ya kisomo, ingawa babu zetu walisoma jioni na bila kamera.

Tuingie Kagera. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliikalia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, watu wakakimbia, na vita vikaendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Baada ya vita bidhaa zilikuwa adimu na mpaka ulikuwa umelegea. Biashara ya magendo ikashamiri kati ya Uganda na Bukoba, na kati ya nguo zilizovushwa kulikuwa na shati moja la fahari lililoitwa Juliana. Vijana waliolivaa walikuwa wafanyabiashara wenye fedha. Walipoanza kukonda, kuharisha na kufa, watu wakaupa ugonjwa jina la shati. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humo, na kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa na wagonjwa wake.

UKIMWI uliua kwa mpangilio ambao jamii zetu hazikuwa zimewahi kuuona. Njaa huanza na watoto na wazee, na malaria huua hasa watoto wadogo. Huu uliwaruka hao na kuchukua wa katikati: mwalimu, dereva, muuza kahawa, mama mwenye watoto watatu. Yule aliyesimama kati ya mzee na mjukuu ndiye aliyeondoka. Na aliondoka polepole, mara nyingi akirudi kijijini kutoka Mwanza au Dar es Salaam akiwa tayari hajiwezi, ili auguzwe na mama yake. Bibi alianza kuwa muuguzi kabla hajawa mlezi. Aliuza mbuzi kununua dawa, akauza ng'ombe kwa ajili ya mganga, na ng'ombe alipoondoka samadi ya migomba nayo ikaondoka.

Ni vigumu kumweleza mtu asiyeijua Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera, maana ya hasara hiyo. Kibanja cha Mhaya ni shamba la migomba lenye nyumba katikati yake. Chini ya migomba kuna kahawa na maharage, na humohumo ndani kuna makaburi ya ukoo. Migomba inaweza kudumu vizazi kadhaa mahali pamoja, ila inadai: itandaziwe majani makavu, ipunguzwe machipukizi, iwekewe samadi, ipogolewe. Kijana mwenye nguvu akiiacha miaka miwili, ndizi zinadhoofu na wadudu wanaingia mizizini. Kazi hiyo ilibaki mikononi mwa mwanamke wa miaka 65 au 70 anayetafuta pia maji na kuni.

Baada ya kilio, ukoo hukaa. Katika kikao cha matanga ndipo huamuliwa mali za marehemu na watoto wake. Kwa desturi ya ukoo wa upande wa kiumeni, watoto ni wa kwa baba, na baba mdogo au baba mkubwa ndiye mwenye kuwachukua. Miaka ya mwanzo ya janga hilo ilifanyika hivyo. Halafu mababa wadogo nao wakaanza kufa, na waliobaki wakawa tayari wana watoto wa marehemu wawili watatu. Vikao vikawa vifupi. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuulizwa kama anaweza, kwa kuwa watoto walikuwa tayari nyumbani kwake tangu mama yao alipoletwa kuugua.

Huduma hazikukosekana kabisa. Theresa Kaijage na wenzake walianzisha WAMATA jijini Dar es Salaam mwaka 1989, ikawa miongoni mwa vyama vya kwanza vya kuwasaidia walioathirika. Huko Kagera Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilikuwa na Huduma ya Watoto, iliyojulikana kwa kifupi kama HUYAWA. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifuatilia kaya zaidi ya 900 za mkoa huo ili kupima athari za vifo vya watu wazima. Lakini ukizisoma kumbukumbu za wakati ule, utaona macho ya wote yakimtazama yatima. Ilikuwa halali yatima atazamwe. Aliyemshika mkono yatima huyo, akiwa na goti bovu na mtoto wa jicho, hakuwa na fungu katika bajeti ya mtu yeyote. Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa tarehe 31 Desemba 1999. Sera ya Taifa ya Wazee ilikuja mwaka 2003, miaka 20 baada ya wagonjwa watatu wa kwanza.

Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka. Bibi aliyehitaji fedha Februari, wakati shule imefunguliwa na kahawa bado mbichi mtini, aliuza butura. Maana yake ni kwamba mnunuzi anakuja, anautazama mkahawa ulio na punje za kijani, anataja bei, analipa papo hapo, na mavuno yakija ni yake. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na kwa haki, maana mkulima hupunjwa sana. Lakini marufuku haikumpa bibi kitu kingine cha kuuza Februari. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, michango ikabaki hadi elimu bila malipo ilipoanza 2016, na sare, daftari na viatu ni vya mzazi mpaka leo. Kisha, katikati ya miaka ya 2000, mnyauko wa migomba ukaingia kutoka Uganda na kuikuta Muleba. Mgomba ulioambukizwa hunyauka, ndizi zake huoza kabla ya kukomaa, na dawa yake ni kung'oa na kuzika. Mzee aliambiwa ang'oe migomba iliyopandwa na mama mkwe wake.

Na kibanja hicho, mara nyingi, hakikuwa chake. Sheria ya mila ya Wahaya iliyoandikwa ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuweza kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ilitoa hukumu inayokumbukwa mpaka leo na kila mwanafunzi wa sheria nchini. Holaria Pastory alikuwa ameachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, naye mwaka 1988 akaiuza. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana uwezo huo. Jaji Mwalusanya alisema ubaguzi huo unakiuka Katiba, na mauzo yakabaki halali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kuweka haki hiyo wazi. Bado, kati ya mahakama ya Mwanza na kikao cha matanga kijijini kuna umbali mrefu, na shangazi wengi, wajane wengi na bibi wengi waliendelea kulea wajukuu juu ya ardhi ambayo siku yoyote shemeji angeweza kuitaka.

Hapo ndipo Nshamba inapoingia katika historia hii. Miaka ya 1990 Kurt Madörin, raia wa Uswisi, alikuwa akifanya kazi na watoto yatima wa eneo hilo kupitia mradi wa Humuliza, uliojali hasa majonzi ya watoto: mtoto aliyemzika mama yake anaongea na nani? Vijana waliopitia malezi hayo wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakawa na akiba zao na miradi yao. Ila kila ukimfuata mtoto nyumbani unamkuta bibi. Mwaka 2003 likaanzishwa shirika la Kwa Wazee, na uamuzi wake ulikuwa rahisi kiasi cha kuwatisha wataalamu: mpe bibi fedha taslimu kila mwezi, usimpangie matumizi.

Wakati huo mawazo yaliyotawala miradi ya misaada yalikuwa mengine. Mtu maskini alipewa mbuzi, au mbegu, au semina. Fedha mkononi ilionekana itapotea kwa pombe. Ripoti ya 2008 ililinganisha kaya zilizokuwa zikipokea pensheni na kaya za hali hiyohiyo ambazo hazijaanza kupokea, na tofauti ilionekana kwenye chakula, kwenye vifaa vya shule, na kwenye nyuso za wazee wenyewe. Mzee mwenye shilingi 6,000 za uhakika hukopesheka. Muuza duka anajua tarehe ya malipo, kwa hiyo anatoa sabuni leo. Watoto hawalazimiki kwenda kulima vibarua kwa jirani siku ya shule ili chumvi ipatikane. Hilo la kukopesheka halikuwa katika mahesabu ya wafadhili wengi, na nadhani ni zito kuliko fedha yenyewe: linamrudisha mzee katika hesabu ya watu wa kijiji wanaoaminika.

Kuna ushahidi wa aina hiyo kutoka mbali pia. Afrika Kusini ilianzisha pensheni ya wazee mwaka 1928 kwa Wazungu na Machotara, Waafrika wakaongezwa 1944 kwa kiwango cha chini mno, na viwango vikasawazishwa kwa wote mwaka 1993. Esther Duflo, mchumi aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel 2019, alichunguza ongezeko hilo liliwafikia vipi watoto. Aligundua kwamba pensheni ikipokewa na bibi, wajukuu wa kike wanaoishi naye wanaongezeka uzito na kimo. Ikipokewa na babu, alama hiyo haionekani. Nisingependa mababu wasome hapo kwa uchungu. Wengi wamelea, na Nshamba wamo. Lakini anayepanga sera hana budi kujua fedha inapita mkono wa nani.

Pensheni ya kwanza kulipwa na serikali kwa wazee wote, bila mchango na bila kupimwa umaskini, katika Afrika Mashariki ilianzia Visiwani. Zanzibar ilikuwa na historia yake katika jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume ilijenga nyumba za wazee Sebleni, kwa ajili ya wale wasio na wa kuwatazama. Mwezi Aprili 2016 ikaanza Pensheni Jamii. Kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alianza kupata shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka fedha za Serikali ya Mapinduzi yenyewe, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Jumuiya ya Wastaafu na Wazee, JUWAZA, ilikuwa imeidai kwa muda mrefu.

Jambo la kutia moyo katika mpango huo ni kwamba hakuna kuulizana nani maskini. Aliyekuwa mkurugenzi na aliyekuwa mchuuzi wa pweza wanakaa kwenye benchi moja skulini siku ya malipo, kila mmoja na kitambulisho chake. Wapo waliosema hiyo ni kuwapa wasiohitaji. Aliyewahi kuona sheha au mwenyekiti wa kijiji akitakiwa kuchagua kaya 20 maskini kati ya kaya 100 zinazofanana atakubaliana nami kwamba kumpimia mzee umaskini hadharani ni kumdhalilisha, na mara nyingi anayekosa ni yule asiye na mtu wa kumsemea.

Majirani nao walikuwa njiani. Uganda ilianza ruzuku ya wazee kwa majaribio katika wilaya chache mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikafikia shilingi 25,000 za huko kwa mwezi, na ilipoitandaza nchi nzima iliweka umri wa miaka 80. Kenya ilianza mwaka 2007 na kaya chache maskini, na kufikia 2018 mpango wa Inua Jamii ukafunguliwa kwa wote wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kitui, kwenye ardhi ya ekari karibu 1,000, Padre Angelo D'Agostino aliacha kijiji cha Nyumbani ambako nyanya au guka mmoja, yaani bibi au babu, hukaa katika nyumba moja na watoto yatima kama kumi, wengine damu yake na wengine wa watu. Ni familia iliyoundwa upya kwa mpango baada ya ile ya kuzaliwa kuvunjwa na maradhi, na yaliyofanywa Buhaya kimyakimya huko yalipewa nyumba, maji na mashamba.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, inayozifikia kaya maskini zikiwemo nyingi za wazee, na ina matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza kwa mujibu wa sera, pamoja na dirisha la wazee hospitalini ambalo siku nyingine lina mtu na siku nyingine halina. Mwaka 2010 wizara yenye dhamana ya kazi, pamoja na shirika la HelpAge, ilitoa uchambuzi ulioonyesha kwamba pensheni ya wazee wote inawezekana kwa uchumi wetu. Pensheni hiyo haijaanzishwa. Mkulima wa kahawa aliyelijazia taifa fedha za kigeni kwa miaka 50 hana senti ya uzeeni, kwa kuwa mifuko yetu ya hifadhi tangu ule wa akiba wa 1964 ilijengwa kwa ajili ya mwenye mwajiri.

Kuna sura moja ya historia hii inayouma kuiandika. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Mwanza na Shinyanga, na katika sehemu za Tabora, wanawake wazee waliuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na uzeeni akaendelea kuwapikia wajukuu, macho yake hayawezi kuwa meupe. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kulikuwa na mganga mpiga ramli, na nyuma ya mganga, shamba. Shirika la MAPERECE la Magu lilichukua njia nyingi kukabili mauaji hayo, na mojawapo ilikuwa kujenga majiko sanifu yanayopunguza moshi. Yaani ilibidi tulibadilishe jiko ili bibi asiuawe kwa kazi ya kutulisha.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Polepole vilio vikapungua, na wengi tulidhani bibi sasa atapumzika. Haikuwa hivyo. Nyumba ambayo zamani ilipokea yatima sasa inapokea mtoto wa aliye hai: binti anayefanya kazi hotelini Mwanza na chumba chake ni kimoja, kijana aliye kwenye machimbo Geita, mama aliyekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni. M-Pesa ilipoingia nchini 2008, mtoto aliye mbali alipata njia ya kutuma elfu kumi bila kumtafuta kondakta wa basi. Simu ni ya bibi, namba ya siri anaijua mjukuu wa darasa la tano, na ndiye anayemsomea ujumbe, anayekwenda kwa wakala, anayerudi na chenji. Kuna mwezi ujumbe unafika na kuna mwezi haufiki, na bibi hasemi kitu mbele ya mtoto.

Tukisikia maneno jamii inayozeeka tunafikiria Japani, ambako watu 29 katika kila 100 wamevuka miaka 65. Kwetu wenye miaka 60 na zaidi ni chini ya 6 katika kila 100. Uwiano huo unatulaza usingizi. Idadi yenyewe, kwa Sensa ya 2022, ni karibu milioni 3.5, ilhali nchi nzima ya mwaka 1967 ilikuwa na watu milioni 12.3. Na idadi hiyo inaongezeka wakati vijana wengi wanaondoka vijijini, kwa hiyo kuna vitongoji vya Kagera na Kilimanjaro ambavyo ukipita mchana, nje ya likizo, unaowakuta ni wazee na watoto wa chini ya miaka 7. Mwaka 2016 wakuu wa Umoja wa Afrika walipitisha mjini Addis Ababa itifaki ya haki za wazee, na humo kuna kifungu mahususi kuhusu wazee wanaolea watoto walio katika mazingira magumu. Hao walioandika walikuwa wameona.

Linabaki suala la umri, ambalo kwangu ndilo la kushughulikiwa kwanza. Sera ya Tanzania inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Pensheni ya Zanzibar na ya Kenya inaanza 70, ya Uganda 80. Serikali zilichagua umri huo ili gharama ziwe za kubebeka, na ninaielewa hesabu hiyo. Lakini mtazame bibi wa Muleba aliyepokea mjukuu wa miaka miwili akiwa na miaka 58. Akifikisha 70, mtoto huyo ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza au ameshaacha shule. Viatu vyote vya shule ya msingi vimeshanunuliwa, kwa butura na kwa vibarua.